Spika Imesema

Siku baba yangu alipotangazwa kufa alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, anakunywa uji wa uwele na kunilalamikia kwamba sukari nimeweka ya kuonjesha tu. Mimi nilikuwa napepeta alizeti. Umeme ulikuwa haujaonekana kijijini kwetu zaidi ya wiki kwa sababu transfoma iliungua, na asubuhi ile mafundi walikuwa juu ya nguzo wanahangaika nayo. Mara spika za kanisani zikakohoa, kengele ikalia, halafu sauti ya mdogo wangu Joshua ikajaa bonde zima. Ilisema anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, mzee Naftali.

Baba akashusha kikombe. Aliniangalia, akajiangalia miguu, akaniuliza kama na mimi nimesikia. Kabla sijafungua mdomo, jirani yetu Selina aliangua kilio upande wa pili wa uzio, wa bondeni wakampokea, na maneno yaliyobaki ya Joshua yakamezwa na vilio vya watu. Baba akasema uji unapoa, akanywa.

Ngoja niwaeleze jinsi mtu aliyeko Mandewa, mjini kabisa, alivyoweza kumuua mtu aliyekaa kwenye kigoda huku kwetu, ukishapita Sepuka. Wapo wanaosema ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Ile ilikuwa akili nyingi, na akili nyingi ndizo zilizotufikisha pale.

Joshua ndiye kitinda mimba wa baba. Ananunua na kuuza mafuta ya alizeti mjini Singida, ana nyumba yenye geti, na hakuna kitu anachokipenda duniani kama kuitwa mfadhili. Kanisa letu lilikuwa na kengele ya rimu ya lori, imening'inizwa kwenye tawi, na mwinjilisti Simeoni aliigonga kwa chuma tukasikia mpaka wa mabondeni. Hakuna aliyewahi kulalamika. Joshua alikuja sikukuu ya mavuno na wageni wake wa mjini, akaiona ile rimu, akaona aibu. Mwezi uliofuata alituletea amplifaya, spika mbili za honi zikafungwa juu ya paa, na akamleta mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe ni kijana anaitwa Innocent, fundi simu wa Mandewa, kofia ameivaa kisogoni na mdomo haupumziki. Alipewa nafasi ya kuongea mbele ya kanisa zima, na alivyoongea ungedhani ndiye anayehubiri. Alinyanyua simu moja kuukuu ya kupangusa, kioo kina ufa, akasema hii ameiruti. Wazee wakatikisa vichwa kama wameelewa. Basi akaeleza. Simu unayoinunua dukani, eti, wenye kiwanda wamejibakizia funguo, wewe unakaa sebuleni tu. Yeye amevunja kufuli zote, sasa ndiye mwenye nyumba, anaiamuru simu anavyotaka.

Na alikuwa ameshaiamuru. Aliandika maagizo yake mwenyewe, anayaita skripti, akayaficha mahali ambapo simu ikiamka tu inayafuata hata kabla hujaigusa: ipandishe sauti mpaka mwisho, iingie mtandaoni, ichukue tangazo jipya kuliko yote, ipige kengele, ilisome. Betri ilikuwa imevimba, akaitoa na kuiunga simu moja kwa moja na waya wa umeme. Umeme ukikatika, simu inalala. Ukirudi, inaamka yenyewe na kufanya kazi yake. Yeye na Joshua wangekuwa wanaweka matangazo mtandaoni wakiwa Mandewa, na huku yangesikika bila mtu kunyanyua mkono.

"Mwinjilisti hagusi kitu," alisema, na kanisa likapiga makofi.

Nilinyoosha mkono nikauliza, je, umeme ukirudi Jumanne usiku? Innocent akacheka, akasema hapo ndipo penye utamu wake, mama. Utamu tuliuonja. Tangazo la kikao cha akina mama cha Jumamosi iliyopita tulisomewa Jumatatu, Jumatano, na Alhamisi alfajiri jogoo hawajawika, maana umeme wetu mnaujua ulivyo. Watu wakazoea. Tangazo la zamani likianza, mtu anajigeuza upande wa pili. Ila lililokuwa jipya, watu waliliamini kuliko walivyomwamini Simeoni mwenyewe. Ubishi kidogo tu, mtu anakwambia, spika imesema.

Sasa mjue na jambo la pili, ambalo ndilo jambo lenyewe. Kiwanja cha baba kiko kando ya barabara, na mama yetu Dorika amezikwa hapo, nyuma ya nyumba, chini ya rundo la mawe ambalo baba alilipanga kwa mikono yake. Mimi nilirudi kuishi na baba nilipofiwa na mume wangu. Ninamlimia, ninampikia, na sina pengine pa kwenda. Joshua alikuwa amepata mbia wa kujenga mashine ya kukamua mafuta, na kiwanja kilichowavutia macho ni kile. Yule mbia alishakuja kupima kwa hatua zake, akasema kaburi moja la pembeni si neno, litazungushiwa ukuta, lakini mengine yasiongezeke. Kwetu sisi, baba akizikwa mahali, pale pamefungwa. Hakuna mjukuu atakayethubutu kuuza pale, na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayepanunua.

Joshua alimletea baba habari hiyo na kilo mbili za sukari. Baba alimjibu kwamba mkono wa kushoto wa Dorika ni mahali pake, amepaacha wazi makusudi, na Yunisi haondoki kwenye ile nyumba. Yunisi ni mimi. Joshua akasema sawa baba, nimekuelewa. Mimi nimembeba mgongoni yule, namjua. Akikubali haraka ujue hajakubali.

Baadaye baba aliugua kifua. Ilikuwa homa kali ya mapafu, tukamkimbiza hospitali na nikalala chini kando ya kitanda chake mpaka mgongo ukafa ganzi. Joshua alikuja mara moja. Alisimama miguuni pa kitanda na funguo za gari mkononi, akimwangalia baba kama anavyoangalia gunia ambalo halijajaa. Alimuuliza daktari, huyu mzee anaweza kuchukua muda gani, hakuniuliza mimi nimekula nini, akaondoka. Ndiyo siku hizo hizo transfoma ya kijijini ikaungua.

Kumbe kutoka pale hospitalini alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Innocent kurekodi tangazo la kifo. Baba yake anapumua! Joshua anasema yeye ni mtu wa mipango, alitaka siku ikifika tusihangaike. Innocent naye, mvivu wa kutupwa, badala ya kulihifadhi pembeni akalitia mtandaoni kwenye fungu lile lile la matangazo ya kanisa. Alijiambia kijijini hakuna umeme, simu imelala, itamsomea nani? Basi baba akapona, nikamrudisha nyumbani, na wale wawili wakaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyekumbuka kwamba huko mtandaoni mzee ameshakufa na anasubiri umeme tu.

Na umeme ukarudi.

Wa kwanza kufika alikuwa Selina, mikono kichwani, analia baba amekwenda, baba amekwenda. Alipokunja kona ya nyumba akakutana uso kwa uso na marehemu anapangusa mdomo. Alipiga ukelele mmoja, akageuka, na unga aliokuwa ameubeba kwa ajili ya msiba ukamwagika wote mlangoni. Nyuma yake walikuja wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi, wanawake na kuni, wengine na masufuria. Kijiji chetu kwa msiba huwezi kukilaumu. Walisimama uani wakimtazama baba, na niwaambie ukweli, baadhi yao walikuwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Mzee mmoja alimwendea karibu, akamuuliza kwa heshima kama yeye ndiye Naftali yule yule.

Mwinjilisti Simeoni alifika amevaa joho, Biblia kwapani, jasho linamtoka. Alimwona baba, akafungua Biblia, akaifunga.

"Lakini spika imesema," akasema.

Nilimuuliza, Simeoni, kanisa ni lako, spika ni zako, nani kakuambia baba amekufa? Akajibu kwamba tangazo limetoka kwa Joshua mwenyewe, sauti ya mtoto wa marehemu, angebishaje? Nikamuuliza kama alimpigia Joshua simu. Akasema hapana, Joshua ndiye aliyempigia. Kuna mtu wa kijijini alimtumia Joshua salamu za pole, Joshua akampigia mwinjilisti kuhakikisha, na mwinjilisti akamhakikishia kwamba ni kweli, tangazo limesikika. Hebu fikirini. Huyu anamwamini yule, yule anamwamini huyu, na wote wawili wanaiamini simu yenye ufa. Kutoka kanisani mpaka kwetu ni mwendo wa kuvuka mahindi ya watu tu, lakini hakuna aliyeona haja ya kuja kuchungulia kama mtu anapumua. Simu yangu mimi ilikuwa haina chaji tangu transfoma iungue, na hata ingekuwa nayo, Joshua hakujaribu kunipigia.

Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti. Baba hakucheka. Alisubiri wanyamaze.

"Wamesema nitazikwa wapi?" akauliza.

Hapo ndipo niliona watu wazima wakichunguza vidole vya miguu yao. Waliokaa karibu na kanisa walikuwa wamesikia mpaka mwisho, na wote wanakijua kisa cha kile kiwanja. Mmoja alisema upepo ulikuwa mkali. Simeoni alisema yeye alikuwa shambani, hakushika vizuri. Baba alinigeukia mimi, nami nikamwambia ukweli kwamba vilio vilinizidi. Akaitikia kwa kichwa.

Basi akasema watu wasiondoke. Wamekuja na unga, wamekuja na kuni, upikwe ugali. Akaagiza jogoo wake wawili wachinjwe, maana hajui kama kweli siku yenyewe ikifika ataonjeshwa. Wapishi wakacheka, wakawasha moto. Ule msiba ulinoga kuliko harusi nyingi nilizowahi kwenda, ila mimi sikuweza kumeza kitu. Nilikuwa natazama barabarani.

Joshua alikuja na pikapu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na jeneza, limepakwa vanishi linang'aa, vishikio vya dhahabu, na kando ya jeneza alikaa Innocent amekumbatia spika nyingine kubwa. Joshua alishuka amevaa suti nyeusi na miwani ya jua, ameshaanza kulia tangu mlango haujafunguka vizuri. Watu wakampisha njia. Walimpisha vizuri kabisa, kimya, pande mbili, mpaka akafika katikati ya uwanja na kumkuta baba ameshika paja la kuku.

Alisimama. Miwani ikateleza mpaka puani.

"Joshua," baba akamwita. "Siku hizi husalimii?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Watu hawakuweza kujizuia. Wengine walikaa chini kwa kicheko. Joshua alipoona hivyo akamgeukia Innocent na kummwagia matusi ya kila namna, kwamba ni mjinga, mzembe, amemwaibisha. Innocent akakaza shingo. Akasema skripti haina kosa lolote, imefanya kazi kama ilivyoandikwa: umeme umerudi, simu imeamka, imechukua tangazo jipya, imelisoma. Kwa siku nzima ile, hilo ndilo neno pekee la kweli lililotoka kwa wale wawili.

Joshua akapiga magoti mbele ya baba. Alisema alirekodi kwa upendo na kwa uchungu, daktari alimtisha, hakutaka mzee aje kuzikwa ovyo. Machozi yalikuwa ya kweli, sikatai. Mtu anaweza kulia kweli huku anadanganya. Baba alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza, katika hilo tangazo, alipanga kumzika wapi.

"Hapa nyumbani, baba," Joshua akasema. "Kando ya mama. Ningekupeleka wapi tena?"

Aliyasema mbele ya kijiji kizima, na nusu ya kijiji walikuwa wamesikia kwa masikio yao. Hakuna aliyemsuta. Nilitaka kupiga kelele, lakini mimi ni nani, mimi sikusikia. Na ningesema, ingekuwa dada mjane mwenye wivu anagombea kiwanja. Nililiona hilo wazi, na Joshua naye aliliona, maana alinitupia jicho.

Baba alifuta vidole vyake taratibu. Akamwita Simeoni.

"Nenda kanisani ukaizime ile simu," akasema. "Halafu iwashe."

Kwanza Simeoni hakuelewa. Innocent alielewa upesi. Nilimwona anatia mkono mfukoni, anatoa simu yake na kuanza kupangusa haraka haraka, akisema hakuna haja ya kumsumbua mwinjilisti, yeye anaweza kulifuta tangazo papo hapo. Nilimfikia kabla hajamaliza. Nilimnyang'anya ile simu nikaitia kifuani ndani ya gauni, nikamwambia aje aichukue kama ni mwanaume. Joshua alisema jamani, baba amechoka, mambo haya yaishe. Wanaume wenye majembe walisogea kidogo tu, wakasimama kati yake na pikapu. Simeoni akashika joho lake kwa mikono miwili, akavuka mahindi.

Tukasubiri. Spika zikakohoa, kengele ikalia, na Joshua akatusemesha kutoka juu ya paa la kanisa huku akiwa amepiga magoti mbele yetu.

"Ndugu Joshua Naftali wa Mandewa, Singida, anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, mzee Naftali, kilichotokea leo. Mwili utasafirishwa kwenda Mandewa, na mazishi yatafanyika huko huko katika makaburi ya mjini. Habari ziwafikie mbia wake wa biashara na familia yake, wafanyabiashara wote wa alizeti wa Singida mjini, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Bwana ametoa na Bwana ametwaa."

Mimi nilimfulia nepi Joshua. Mimi nimemlaza baba, nimemwamsha, nimemsafisha, miaka yote hii. Katika tangazo la kifo cha baba yangu nilikuwa ndani ya "ndugu", nimetanguliwa na familia ya mbia. Sikuwa na habari kwamba kitu kama hicho kinaweza kuuma kiasi kile. Kuhusu kiwanja nilikuwa nimejiandaa, lakini hilo lilinikata maini.

Joshua alibaki ameinamisha kichwa. Baba alikuwa anatazama kule nyuma ya nyumba, kwenye mawe ya mama. Kisha alisimama, akaomba fimbo yake, akasema na yeye ana tangazo. Akamwambia Innocent atangulie njia.

Kijiji kizima kiliwafuata mpaka kanisani. Baba alikaa kwenye kiti cha Simeoni, akamwambia Innocent arekodi, na asithubutu kuongeza wala kupunguza. Nilimrudishia simu yake kwa kazi hiyo tu, nikasimama nyuma ya shingo yake. Innocent alikosea mara mbili, mara ya tatu akafaulu. Baba akaamuru sauti yake iwekwe ndani ya ile simu ya kanisa, iwe ndiyo tangazo jipya kuliko yote, kisha laini itolewe ili simu isiingie tena mtandaoni na mtu wa Mandewa asipate mlango. Simeoni alikubali kila kitu, alikuwa hana uso wa kukataa. Laini akapewa baba, baba akanipa mimi, nami nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Halafu wakaizima na kuiwasha. Kengele ikalia, na sauti ya baba ikatoka, nzito, na kikohozi chake ndani yake.

"Mimi Naftali nasema mwenyewe, nikiwa hai. Nikifa nitazikwa nyumbani kwangu, mkono wa kushoto wa Dorika. Kiwanja hakiuzwi. Binti yangu Yunisi anakaa pale mpaka achoke mwenyewe. Habari zimfikie mwanangu Joshua, popote alipo."

Tangu hapo, umeme ukirudi tu, baba anasema. Na kwetu umeme unarudi mara nyingi, kwa sababu unakatika mara nyingi. Watoto wameshakariri, wanamwigiza mpaka kikohozi. Yule mbia alikuja tena siku moja kutazama kiwanja, umeme ukarudi akiwa katikati ya kupima, akasikiliza mpaka mwisho, akapanda gari lake na hatujamwona tena. Innocent alijaribu kumwambia Simeoni kwamba simu inahitaji kusafishwa, Simeoni akamwambia aende akasafishe kofia yake. Matangazo ya kanisa yamerudi mdomoni, na rimu ya lori imerudi kwenye tawi lake, inagongwa kama zamani. Jeneza lile baba alikataa lisirudi mjini, alisema zawadi hairudishwi. Tukaliweka stoo na kutunzia alizeti, panya hawaliwezi.

Baba alikufa mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna uwele, usingizini, bila kumsumbua mtu. Safari hii nilimpigia Joshua mwenyewe. Alikuja bila suti. Innocent alikuja naye, na akasema kwa upole kabisa kwamba yuko tayari kurekodi tangazo la msiba, bure, alitie kwenye simu ya kanisa lisikike bonde zima. Nilimuuliza, ukiweka jipya, la baba litasomwa tena? Akasema hapana, skripti inasoma lililo jipya tu. Basi nikamwambia aende akakae. Kifo cha baba tulikitangaza kwa miguu, nyumba kwa nyumba, mimi nikishika upande wa bondeni na Selina upande wa barabarani, na kila aliyetusikia alikuja kwanza kuchungulia ndani kama ni kweli.

Tulimwaga alizeti, tukafuta jeneza, likang'aa tena. Wanaume walichimba mkono wa kushoto wa mama. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mwinjilisti aliomba, tukaimba, jeneza likashushwa, na Joshua kama mtoto wa kiume akapewa jembe aanze kufukia. Alichota udongo. Kabla hajautupa, spika za kanisani zikakohoa.

Hakuna aliyejitingisha. Tulisimama pale, kijiji kizima, tukamsikiliza marehemu mpaka mwisho, mkono wa kushoto wa Dorika, kiwanja hakiuzwi, binti yangu Yunisi. Habari zimfikie mwanangu Joshua, popote alipo.

Alikuwa ukingoni mwa kaburi, jembe mkononi, analia kama mtoto. Nilimwachia alie. Alipomaliza nikamwambia afukie.